Mnyama wa Miiba na Siri ya Silia

Msikilizaji wangu, tukiitaja Ras Kisimani kule Mafia, kwa kawaida tunazungumzia magofu ya mji wa kale ulioliwa na bahari, au jinsi Waingereza walivyoshuka kisiwani Januari 1915 kuwapokonya Wajerumani. Leo tubaki majini.

Bamvua ikipwa, kwenye majani ya bahari ya mwambao wetu yumo mnyama wa duara mwenye miiba mifupi, aliyejitwika vipande vya majani na makombe. Wanasayansi humwita Tripneustes gratilla. Makazi yake yanaanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki mpaka Hawaii, na huko Hawaii ndiko Mwingereza Ian Gibbons alikomchunguza kwa miaka mingi.

Gibbons alitaka kujua nini kinachosukuma silia, vile vinywele visivyoonekana kwa macho vinavyofagia makohozi kifuani mwetu. Mkia wa mbegu ya kiume nao umeundwa vivyo hivyo. Mwaka 1965, yeye na Arthur Rowe waliipa protini inayofanya kazi hiyo jina la dineini. Ikabaki kuizuia makusudi, waone mwendo unavyokoma.

Hilo lilifanyika 1978. Mbegu za kiume za wanyama wa jamii ya huyu wetu wa miiba zilivuliwa utando kwa sabuni ya maabara, zikapewa ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na mikia ikapiga mawimbi. Ikatiwa vanadeti, kemikali yenye madini ya vanadiamu, kidogo mno: mikia ikasimama kabisa. Ikaongezwa kemikali nyingine, katekoli, na mikia ikapiga tena! Miosini, protini inayokunja misuli, haikudhurika kwa kiasi hicho cha vanadeti. Nalistaajabia sana jaribio hili. Sumu inayoua kila kitu haimfundishi mtafiti chochote. Vanadeti ilichagua, na ilipotenguliwa mwendo ukarudi.

Miaka miwili kabla, Björn Afzelius wa Uswidi alikuwa ameonyesha kwamba wapo watu wenye vifua visivyopona, na wanaume wasiozaa, ambao silia na mikia yao imekosa vijimkono vilivyoundwa na dineini. Utafiti wa majini ukagusa wodi za hospitali.

Walimu wa baiolojia mlioko Kilindoni, Mafia, na mwambao wote, wapelekeni wanafunzi pwani. Vijusi vya mnyama huyu huogelea kwa silia kabla hata ya siku mbili kupita, na hadubini ya shule inatosha kuviona. Mkimaliza, warudisheni wanyama hao baharini wakiwa hai.