Hasira Itoke, Mapatano Yaandikwe



Wazee wa Taita walikuwa na desturi ya kutasa: mwenye kinyongo alipiga funda la pombe au maji ya miwa, akalipuliza nje kwa maneno ya heri, ili hasira imtoke moyoni. Desturi hiyo yatufunza kwamba ugomvi hauishi kabla moyo haujatakata.

Lakini mashahidi hufa, na mashamba yetu ya Wundanyi yamegawanywa vipande vidogo. Basi ndugu wakiisha kupatana, na tuandike tarehe, alama za mipaka, sehemu ya kila mtoto, wa kiume na wa kike, na sahihi za mashahidi. Kila upande ushike nakala.

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, yahimiza upatanishi. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano nayo ni vivyo hivyo.