Mita Moja, Vyumba Sita



Katika nyumba nyingi za vyumba sita zilizosalia Kariakoo, Ilala na Buguruni, ugomvi mkubwa wa mwezi si wa kodi ya chumba bali ni wa umeme. Mita ni moja na wapangaji ni sita. Fedha hukusanywa kwa hesabu ya vyumba, hivyo mwenye taa moja hutoa sawa na mwenye jokofu, pasi na jagi la umeme. Mmoja akichelewa kutoa, nyumba nzima huingia gizani, na mwanafunzi wa darasa la saba hufunga daftari kabla ya kumaliza hesabu zake.

Ni dhahiri basi kwamba kupunguza gharama za umeme si jambo la kubana matumizi tu. Ni jambo la haki baina ya majirani. Na haki haipatikani pasipo kipimo. Sokoni mchele hauuzwi kwa kukisia kwa macho, huwekwa kwenye mizani. Umeme nao una mizani yake.

Uniti moja ni wati 1,000 zilizotumika kwa muda wa saa moja. Wati za chombo huandikwa kwenye kibandiko chake. Taa ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9 kwa muda huo huo haifiki uniti moja na nusu. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa kila asubuhi kwa siku 26 za kazi hula uniti 13. Nguo za wiki nzima zikipigwa pasi kwa mkupuo mmoja wa saa moja na nusu, mwezi huisha kwa uniti 6. Hapana budi kutambua kwamba chombo cha kutia joto ndicho mlaji mkubwa. Redio na simu ni walaji wadogo mno.

Jokofu halipimwi kwa kibandiko peke yake, kwa kuwa huwaka na kuzimika lenyewe. Usiku vyombo vingine vyote vizimwe, mita isomwe, na asubuhi isomwe tena: tofauti ndiyo ulaji wake. Kisha kipande cha karatasi kibanwe kwenye mlango wake. Kikivutika bila kukaza, mpira umechoka na baridi inavuja. Jokofu lisisukumwe hadi ukutani, kwani joto la mgongoni mwake lisipopata nafasi ya kutoka, mashine hufanya kazi mara nyingi zaidi.

Uani nako kuna akiba. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, na sufuria ifunikwe. Yakishatokota kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika kumi, sufuria yaweza kuingizwa katika kapu lililojazwa sufi au matambara na kufunikwa kwa mto. Joto lililokwisha kulipiwa huendelea kuivisha pasipo moto. Mwishoni chakula hupashwa hadi kichemke tena. Kapu hilo halihitaji fundi, nalo hufaa kwa mkaa, gesi na umeme pia.

Hata hivyo, jitihada za chumba kimoja hufifia ikiwa mita ni ya wote. Bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016 zaonyesha sababu yake. Mteja mdogo wa nyumbani, asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti. Mteja wa kawaida aliwekewa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Tuseme kila chumba kinatumia uniti 30. Vyumba sita kwenye mita moja hufikia uniti 180, na kwa bei ya mteja wa kawaida ni shilingi 52,560, yaani 8,760 kwa kila chumba. Mpangaji huyo huyo, kwa uniti zile zile, angekuwa na mita yake katika kundi la mteja mdogo angelipa shilingi 3,000. Bei iliyowekwa kumpunguzia mzigo mwananchi wa kipato cha chini humkosa kwa sababu tu anaishi na wenzake.

Dawa ya kudumu ni mwenye nyumba na wapangaji wake kuomba TANESCO mita za LUKU zaidi ya moja. Inapokuwa hilo haliwezekani, fundi mwenye leseni aweza kufunga mita ndogo ya kila chumba, ili kila mmoja alipe alichotumia. Na hata kabla ya hapo, karatasi moja ukumbini yatosha kuanzia: jina, chombo, wati, saa, uniti. Kuruka mita kwa waya wa uchochoroni si akiba. Ni wizi, na katika nyumba zenye nyaya kuukuu ni kuukaribisha moto.

Bandu bandu huisha gogo, na uniti huisha vivyo hivyo. Mwalimu afundishaye kuzidisha na karani atunzaye daftari la hesabu ndio wanaofaa kuiandika karatasi hiyo ya ukumbini, na chombo cha kwanza kuorodheshwa kiwe cha mwandishi mwenyewe.