Sumaku Inaona Chuma, Haioni Risasi

MTANGAZAJI: Tuko nanyi kutoka Gisenyi.

Juma hili tumepokea swali moja kutoka kwa watu wengi. Vijana walitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, wakaipitisha mchangani, ikatoka imeota manyoya meusi. Basi maneno yakaanza. Wengine wanasema udongo umechafuliwa na viwanda, tusipande mboga. Wengine wanawaambia mama wajawazito kinyume chake: udongo huu una chuma, kuleni, unaongeza damu.

Tuanze na hayo manyoya. Ni chembe za madini ya chuma yanayoitwa magnetaiti. Hapa kwetu yametoka kwenye volkano. Makoro tunayokanyaga kila siku yamejaa chembe hizo, na Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Ukipitisha sumaku Gisenyi au Goma, lazima utapata cheusi. Hilo peke yake si dalili ya uchafu.

Ukitaka kujaribu vizuri, kausha udongo, utandaze kwenye karatasi, kisha funga sumaku ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki kabla ya kuipitisha. Ukiitoa sumaku, chembe zinadondoka zenyewe. Bila mfuko utakaa kutwa nzima ukizikwangua! Jiwe nalo lisugue chini ya kikombe cha udongo kilichovunjika, pale pasipo na rangi ya kung'aa. Alama nyeusi ni magnetaiti. Nyekundu kama damu iliyokauka ni hemataiti. Ya manjano-kahawia ni gothaiti, ndugu wa kutu. Hizi mbili za mwisho sumaku ya spika huzivuta kidogo sana au haizivuti kabisa.

Tanuru za viwanda pia hutoa magnetaiti. Moshi wake ukipoa, chembe huwa duara, laini kama vishanga. Za volkano mara nyingi zina pembe. Lakini ni ndogo mno. Bila hadubini macho yatakudanganya. Hata fundi wa kuchomelea vyuma huacha vishanga kama hivyo mlangoni kwake.

Kule Kilembe, Uganda, walikochimba shaba kuanzia miaka ya 1950 hadi 1982, mabaki ya mgodi yana piraiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Yakikutana na maji na hewa hutoa asidi, na maji huacha utando wa rangi ya machungwa. Sumaku haishiki piraiti.

Sasa sikilizeni hapa. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Kilianza 2007, kikafungwa 2014. Watoto waliugua, na sumu ilikuwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya; kesi ikapanda, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo. Risasi haivutwi na sumaku hata kidogo. Udongo wa pale ungeweza kuonekana safi kabisa mbele ya spika yako.

Kwa hiyo kabla ya kulima, waulizeni wenyeji: hapa palikuwa na nini? Gereji? Mahali pa kupasulia betri? Kama jibu ni ndiyo, msipande mboga hapo, na watoto wasichezee hapo, mpaka udongo upimwe maabara. Na tafadhali, betri ya gari isipasuliwe uani, wala risasi yake isiyeyushwe kwenye sufuria ya kupikia.

Mama wajawazito, chuma cha mawe tumbo halikichukui vizuri, na udongo huzuia hata kile cha maharage na lenga-lenga kisiingie mwilini. Vidonge vya kuongeza damu hutolewa kliniki mnapopimwa mimba. Mwenye hamu ya kula udongo amwambie mkunga bila aibu. Mara nyingi hamu hiyo yenyewe huambatana na upungufu wa damu.