Kufunika na Kufunua: Utunzaji wa Tela Dogo la Kambi

(Hotuba kwa kamati za parokia na wafadhili, Unguja)



Niliombwa nizungumzie utunzaji wa vifaa vya miradi. Vifaa ni vingi na muda ni mfupi, kwa hiyo nimechagua kimoja tu: tela dogo la kambi, na hasa namna ya kulifunika. Huenda mtu akaona jambo hili ni dogo mno kwa mkutano kama huu. Naomba mnivumilie, kwani katika kifuniko cha tela mna hesabu ya fedha, mna afya za watu, na mna uaminifu wetu kwa waliotusaidia.

Tela ninalolizungumzia ni lile la magurudumu mawili, linalovutwa nyuma ya gari la kawaida. Ndani yake huwekwa mahema, magodoro, masufuria, jiko la gesi, madumu ya maji na meza za kukunja. Hutumika kwa kambi za vijana, kwa kliniki za vijijini, na pale mafuriko yanapowatoa watu majumbani mwao.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukueni tela linalotoka siku nne kila mwezi, na hilo kwa parokia nyingi ni kazi kubwa. Kwa mwaka ni siku 48. Mwaka una siku 365. Siku 317 zinazobaki tela limesimama uani. Basi tukiuliza tela huharibikia wapi, tusiilaumu haraka barabara ya Makunduchi wala mashimo ya njia za ndani. Mara nyingi huharibikia pale lilipoegeshwa.

Maadui watatu

Adui wa kwanza ni jua. Unguja iko karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena katika Oktoba, jua la mchana hupita juu kabisa ya utosi. Jua hilo hupausha rangi, hukausha mpira wa madirisha hadi ukapasuka, huchakaza tairi lililosimama mahali pamoja, na plastiki huifanya ivunjike kama biskuti.

Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba matone madogo ya maji ya chumvi. Maji hukauka, chumvi hubaki juu ya chuma, nayo huvuta unyevu wa hewani hata siku isiyo na mvua. Ndiyo sababu chuma kilichowekwa Malindi au Forodhani hushika kutu mapema kuliko chuma kilichowekwa Dodoma. Tela likikaa Paje au Jambiani, ambako upepo hutoka baharini moja kwa moja, hali ni ngumu zaidi.

Adui wa tatu ni unyevu uliofungiwa, na huyu tunamkaribisha wenyewe. Safari imekwisha, tela lina mchanga na maji, watu wamechoka. Linatupiwa karatasi la plastiki, linakazwa kwa kamba, na kila mtu anakwenda kwake. Mchana joto huyageuza yale maji kuwa mvuke. Usiku plastiki hupoa na mvuke huwa matone tena. Kesho yake ni vivyo hivyo. Baada ya miezi miwili plaiwudi imevimba, magodoro yana kuvu, mahema yana madoa meusi ya koga, na vitasa havifunguki. Kwa nje tela linaonekana limetunzwa vizuri, maana limefunikwa.

Walivyofanya wazee wetu

Elimu ya kufunika si ngeni visiwani. Vyombo vya mbao vinapopandishwa pwani, hujengewa kivuli cha makuti ili mbao zisipasuke kwa jua. Sehemu ya chini ya chombo hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa, na mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya samaki. Tazameni hekima iliyomo: makuti hayakibani chombo. Yako juu yake, yanazuia jua, na upepo unapita chini.

Tazameni pia karafuu. Huanikwa juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Wingu likitanda, watu wa nyumba nzima hukimbilia kukusanya na kufunika. Lakini jua likirudi, huanikwa tena bila kuchelewa, kwa sababu karafuu mbichi zikirundikwa na kufunikwa huvunda na kupoteza thamani. Hakuna mkulima anayefunika karafuu mbichi akaenda zake safari. Kwake kufunua ni sehemu ya kufunika, na hilo ndilo jambo kuu ninalotaka mwondoke nalo leo.

Kuchagua kifuniko

Maturubai tunayoweza kuyapata ni ya aina tatu.

La kwanza ni lile jepesi la plastiki iliyofumwa, mara nyingi la buluu. Bei yake ni nafuu na linafaa kwa dharura. Likiachwa juani mfululizo hupoteza nguvu, likaanza kuchanika kwenye mikunjo na kumwaga vipande vya plastiki uani. Tusilitegemee mwaka mzima.

La pili ni turubai la pamba lililotiwa dawa ya kuzuia maji. Faida yake ni kwamba linapitisha hewa kidogo, hivyo unyevu wa ndani hupata njia ya kutoka. Ila lisikunjwe likiwa bichi, kwani litaoza, na dawa yake huisha na hutakiwa kurudiwa.

La tatu ni lile zito lililopakwa plastiki pande zote mbili, kama yale ya malori. Ni imara dhidi ya mvua, lakini halipitishi hewa kabisa. Likitumika, ni lazima liinuliwe juu ya fremu, lisiguse tela.

Kwa aina zote, rangi nyepesi hupunguza joto. Mishono iwe ya mikunjo miwili kwa uzi wa nailoni, na pete za kupitishia kamba ziwe za shaba, kwa maana za chuma zitashika kutu na kula kitambaa. Kazi hii haihitaji kiwanda. Fundi wa viti vya magari au fundi wa matanga anaiweza, akipewa vipimo sahihi.

Namna ya kufunika

Kwanza, oshani tela kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa chini ya bodi, kwenye magurudumu na kwenye shingo ya kuvutia. Mchanga uliobaki juu ya rangi, kifuniko kikipigwa na upepo, hufanya kazi ya msasa.

Pili, toeni nje magodoro, mahema na vyakula. Vianikeni, kisha viwekeni ghalani. Mtungi wa gesi ufungwe, utolewe, na ukae mahali penye hewa, mbali na moto.

Tatu, acheni tela likauke kabisa, milango ikiwa wazi. Siku moja ya jua inatosha mara nyingi. Msifunike jioni ya safari.

Nne, inueni tela kwa jeki na kuliweka juu ya magogo imara, ili tairi zisibebe uzito muda wote. Tairi zenyewe zipate kivuli. Shingo iwe chini kidogo kuliko nyuma, ili maji yateremke.

Tano, wekeni mti au bomba katikati, kwa urefu wa tela, ili turubai lipate mgongo kama paa la nyumba. Turubai lililo bapa hukusanya maji. Maji hayo ni mzigo unaochana kitambaa, na tena ni mazalio ya mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengue hupenda maji safi yaliyotuama, na kwa joto letu yai huwa mbu kamili katika muda usiozidi wiki mbili. Itakuwa aibu tela la kliniki likileta homa mtaani.

Sita, vifunikeni pembe kali kwa vipande vya zulia au mpira wa zamani kabla ya kutandika turubai.

Saba, fungeni kamba kwenye fremu ya chuma ya tela, si kwenye mti wala ukuta peke yake. Kamba ya usumba, ile ambayo kina mama wa pwani ya mashariki huisokota kutokana na makumbi yaliyofukiwa mchangani kwa miezi mingi, huvumilia maji ya chumvi vizuri. Kwa kuwa ni kavu na ina miiba, isipite juu ya rangi. Turubai lisifike chini: acheni nafasi ya shubiri mbili ili hewa iingie, na acheni tundu la hewa kila upande wa juu, likiwa na kikofia cha kuzuia mvua.

Kufunua

Kila wiki mtu mmoja afungue upande mmoja, aingize mkono, anuse na atazame. Harufu ya koga hutangulia kabla jicho halijaona kitu. Kila mwezi turubai litolewe lote kwa siku nzima, milango ifunguliwe, magurudumu yazungushwe ili grisi isambae kwenye beringi, na panya wafukuzwe.

Majira yetu yanatupa ratiba. Kabla ya masika, yaani mwishoni mwa Februari, kagueni mishono na kamba. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kagueni baada ya kila mvua kubwa. Kusi ikivuma, kuanzia Juni hadi Septemba, ni wakati mzuri wa kukausha na kupaka rangi, lakini kamba zikazwe. Kabla ya vuli ya Oktoba hadi Disemba, rudieni ukaguzi. Kaskazi ikiingia, jua ndilo la kuogopwa, basi tazameni kitambaa kama bado kina nguvu.

Kwa wale walio Mji Mkongwe, ambako vichochoro havipitishi tela, shauri langu ni kwamba liwekwe kwenye ua wa parokia nje ya mji, penye mlinzi na mbali kidogo na bahari. Banda la makuti au la bati lililo wazi pande zote ni bora kuliko turubai lolote. Ila makuti hushika moto upesi, hivyo pasipikwe karibu.

Jambo dogo na jambo kubwa

Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, unatufundisha kanuni hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Paa likivuja, maji huingia ukutani, na boriti za mbao huoza au za chuma hushika kutu mahali asipopaona mtu. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, ilianguka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Tela si jumba, lakini maji hayajui tofauti. Yakipata mwanya na yakapata muda, yatafanya kazi yake.

Ombi kwa kamati na kwa wafadhili

Ndugu wajumbe, wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba kila kamati iwe na mambo manne. Awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye dhamana ya tela, na mwingine wa kumsaidia akisafiri. Liwepo daftari linaloandikwa kila linapofunuliwa: tarehe, kilichoonekana, kilichofanyika. Liwepo fungu la bajeti la kubadilisha turubai, kwa sababu turubai ni kitu cha kuchakaa, nalo huchakaa ili tela lisichakae. Na mwenye kazi hii apewe posho yake, hata kama ni ndogo. Kazi isiyo na posho wala jina haina mwenyewe.

Ndugu wafadhili, nanyi nawaomba jambo kwa heshima zote. Mnapotoa tela, toeni pamoja nalo kifuniko, magogo na matunzo ya miaka mitatu ya mwanzo. Fungu hilo halipendezi kwenye picha, lakini ndilo litakaloifanya picha ya mwaka wa tatu ifanane na ya siku ya makabidhiano. Na mkija kututembelea, msiridhike kuoneshwa turubai lililokazwa vizuri. Ombeni lifunuliwe. Wala kamati isione vibaya ikiombwa hivyo. Anayeulizwa mapema hupata nafasi ya kutengeneza mapema.

Mwisho, tukumbuke ni nani anayelipa tunapozembea. Ni mama aliyetembea na mtoto mgonjwa hadi kwenye kliniki ya kijiji, akakuta hema limechanika na hakuna kivuli. Ni vijana wanaolala juu ya godoro lenye kuvu, wakaanza kukohoa usiku. Ni familia iliyotolewa na maji nyumbani, inayongojea tela ambalo gurudumu lake limeganda kwa kutu. Hao hawakuwepo tulipokata utepe na hawajui bei ya turubai. Wanachojua ni kama msaada ulifika au haukufika.