Mpelelezi wa Sinema na Mpelelezi wa Rufiji



Tumeombwa tuseme juu ya picha ya sinema iitwayo Shout at the Devil, iliyotokea mwaka 1976, asili yake kitabu cha Wilbur Smith cha 1968. Hadithi yake huanzia hapa Unguja. Sebastian, kijana wa Kiingereza, amwoa Rosa, binti wa O'Flynn, mwizi wa pembe za ndovu. Wadachi wamwulia mtoto wake mchanga. Ndipo kijana ajipaka weusi, aingia katika manowari Blücher, aficha bomba.

Picha yapendeza, twakiri. Pasipo Rosa na msiba wake, bomba lile lingekuwa chuma tu. Lakini sisi wenyeji wa bandari hii yatupasa kuuliza ya kweli.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914, manowari ya Kidachi Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza, iliyotia nanga bandarini mwetu ikitengenezwa mitambo. Walikufa mabaharia 38. Baadhi yao wamezikwa Chapwani. Königsberg ikajificha katika midomo ya Rufiji. Mwindaji Pieter Pretorius akatumwa kupeleleza: akapima kina cha maji, akaangalia kujaa na kupwa, akaandika. Ndipo merikebu Severn na Mersey, zielezo katika maji haba, zikaingia mtoni. Tarehe 6 Julai, 1915, hazikufaulu. Tarehe 11 zikaimaliza, ndege ikizielekeza kutoka angani.

Basi mpelelezi wa kweli alifanya kazi iliyo jamaa ya ukarani: kupima, kuandika, kutokosea tarakimu. Wala hakuwa peke yake; alisaidiwa na Waafrika. Picha haikuwapa nafasi hiyo. Imempaka Mwingereza rangi ashike mahali pao. Hata Mohammed, mtu wa O'Flynn, alichezwa na Ian Holm, Mwingereza.

Kilema hicho si kidogo. Mtoto aitazamaye picha hiyo tu ataamini kuwa wazee wake walikuwa wapagazi wa kupita nyuma ya mabwana. Kwa hiyo itazameni, mcheke, mlie na Rosa. Kisha mpelekeni mtoto kwa mashua mpaka Chapwani. Mwonyesheni makaburi ya mabaharia, mkamweleze na habari za wale waliosaidia, ambao majina yao hayakuchorwa juu ya jiwe. Jina lisiloandikwa husahauliwa, ndugu zetu, na kuandika ndiyo kazi yetu.