Nani Aketi Mezani?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya kujadiliwa hoja ya mashindano ya michezo ya mezani)



Kamati imeniomba niseme machache kabla ya kuijadili hoja namba nne. Hoja yenyewe mmeisoma. Inauliza kama mashindano yetu ya sataranji, drafti na bao, ambayo tangu yaanzishwe yamekuwa ya wanachama na watoto wao wa kiume, yafunguliwe kwa mabinti na wake zetu. Na tena kama iwekwe ukumbini meza ya michezo ya video kwa ajili ya vijana. Mtu angedhani ni jambo dogo. Lakini Katibu ameniambia kwamba hoja ya kuongeza ada haikumletea hata barua moja, na hii imemletea barua kumi na moja, nyingine za kurasa tatu.

Nadhani nimechaguliwa kusema kwa sababu nilipokuwa kidato cha tatu na cha nne nilikuwa katibu wa chama cha sataranji hapa shuleni. Kamati haikujua kwamba katika cheo hicho hicho niliacha deni. Nitalisema mwanzo, lisije likasemwa na wenzangu wa bweni ambao nawaona pale nyuma wameshaanza kucheka.

Mwaka 1978, Jumamosi moja, wasichana wa shule ya jirani walikuja kwa mdahalo. Tuliyojadili siyakumbuki. Baada ya chai tulipanga sataranji pale kwenye baraza ya maktaba, kusudi wageni waone kuwa sisi ni watu wa akili. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza kama anaweza kucheza. Nikamwambia, "Karibu dada," kwa sauti ya mtu anayempa mtoto peremende. Kumbe alikuwa amefundishwa na baba yake, aliyekuwa fundi wa reli. Haikutimia nusu saa, ngome zangu zilikuwa zimekwenda, malkia amebanwa na farasi, nami nikamlaza mfalme wangu mbele ya watu wapatao thelathini. Wenzangu walinicheka mpaka kengele ya jioni. Muhula mzima niliitwa "Bibi Harusi", kwa kuwa, walisema, nimeolewa.

Wiki iliyofuata nikafungua daftari la chama, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba wageni wa kike wasiguse sataranji ya shule, kwa sababu vitunda vinapotea. Hakuna kitunda kilichokuwa kimepotea. Daftari likatiwa sahihi bila kusomwa. Wasichana waliporudi muhula wa pili, yule dada alikuja moja kwa moja barazani, nami nikamwonyesha daftari. Akasoma, akalifunga, akaenda zake kunywa chai na wenzake. Hakubisha hata neno. Na kwa miaka mingi baadaye, mtu akiniuliza mbona wasichana hawachezi sataranji, nilikuwa nikijibu, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwamba hawaupendi mchezo ule.

Ndugu Mwenyekiti, maneno hayo hayo nimeyakuta katika barua saba kati ya zile kumi na moja. Hawapendi, wangependa wangekuja. Ndiyo maana nimeanza na daftari.

Si sisi tulioanza. Katika sataranji ya zamani ya Waarabu na Waajemi, mahali pa malkia palikuwa pa waziri, naye alikuwa mnyonge, akienda hatua moja tu kimshazari. Huko Ulaya akageuzwa malkia, na kufikia mwisho wa karne ya 15 akapewa nguvu kuliko wote ubaoni. Walakini mwanamke wa nyama na damu alipotaka kuketi mezani, mambo yakawa mengine.

Mwaka 1927, huko London, Vera Menchik alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake. Miaka miwili baadaye alialikwa katika mashindano makubwa ya mji wa Karlsbad, katika Chekoslovakia ya wakati ule, yeye peke yake mwanamke kati ya wachezaji 22. Bwana mmoja wa Vienna, Albert Becker, alifanya mzaha kwamba atakayefungwa na bibi huyu aandikishwe katika chama kitakachoitwa Klabu ya Vera Menchik. Basi mwanachama wa kwanza wa klabu hiyo akawa Becker mwenyewe. Haki na isemwe yote: Menchik alishika nafasi ya mwisho katika mashindano yale. Watu hulitaja hilo kana kwamba limemaliza ubishi. Lakini kila mashindano yana wa mwisho wake, na wanaume walioshika mkia mahali pengine hawakuambiwa kwamba jinsia yao haiwezi. Baadaye klabu ile ilipata wanachama wengi, na mmoja wao, Max Euwe, alifungwa naye mara mbili, kisha mwaka 1935 akawa bingwa wa dunia. Menchik aliuawa kwa bomu la Wajerumani nyumbani kwake London mwaka 1944, akiwa bado bingwa.

Mwaka 1978, mwaka ule ule wa daftari langu, Nona Gaprindashvili wa Georgia alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa cheo kamili cha bingwa mkuu, kile wapewacho wanaume. Mwaka 2020 ikatoka tamthilia maarufu ya televisheni kuhusu sataranji, ambamo ilisemwa kwamba mama huyu hakuwahi kupambana na wanaume. Alikuwa amepambana nao makumi kwa makumi! Akafungua mashtaka mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 80, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana. Mimi nilipoisoma habari ile nilijisikia nimeshikwa mkono. Kwanza mtu huzuiwa asicheze, halafu akicheza huandikwa kwamba hakucheza.

Juu ya Judit Polgar wa Hungaria sitakawia, maana vijana wanamjua. Bingwa mkuu mwaka 1991 akiwa na miaka 15, na mwaka 2002, mjini Moscow, akamfunga Kasparov, ambaye aliwahi kusema hadharani kwamba sataranji haiwafai wanawake.

Mwanachama mmoja ameandika kwa busara kwamba kama tunawataka wanawake, basi tuwatengee meza yao na kombe lao. Hili lina wafuasi wake hata katika shirikisho la dunia, FIDE, ambalo lina vyeo vya wanawake vyenye masharti mepesi zaidi kuliko vile vya wote. Jirani zetu wa Uganda walifurahi, na kwa haki, pale Phiona Mutesi, binti aliyejifunza sataranji katika mtaa wa Katwe, Kampala, alipopata kimojawapo cha vyeo hivyo baada ya mashindano ya Istanbul ya mwaka 2012. Polgar yeye hakutaka kabisa kugombea ubingwa wa wanawake. Alitaka kupambana na yeyote aliye juu. Maoni yangu ni kwamba meza ya pembeni humsaidia anayeanza kupata ujasiri. Lakini mlango wa kwenda meza kubwa uwe wazi, tena uonekane kuwa wazi, la sivyo tutakuwa tumejenga jiko jingine.

Sasa niseme juu ya michezo ya video, ingawa mimi mwenyewe vidole vyangu haviwezi. Mjukuu wangu wa kike, aliye kidato cha pili, hucheza mpira wa kompyuta na watu asiowaona, wengine wa nchi za mbali. Niligundua kwamba anatumia jina la kiume, na kipaza sauti chake amekizima siku zote, hata pale ambapo wenzake wa timu wanamwita ajibu. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Babu, nikifungua mdomo tu wanajua mimi ni msichana, na hapo mchezo unakwisha yanaanza matusi." Anasema wasichana wengi hufanya hivyo. Mtazamaji akiwahesabu wachezaji kwa majina na sauti, atasema wasichana hawapo.

Hayo ni mambo ya sebuleni kwangu. Huko Marekani, mwaka 2014, yalizidi. Wanawake waliotengeneza michezo hiyo, au walioandika kuikosoa, walitishiwa maisha hata wengine wakahama nyumba zao. Mmoja, Anita Sarkeesian, alialikwa kutoa mhadhara katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Utah. Likaja tishio la kuua watu wengi iwapo ataongea, na sheria ya jimbo haikuruhusu chuo kuwazuia wenye leseni ya silaha wasiingie nazo ukumbini. Akauvunja mhadhara. Nasimama hapa nikizungumza juu ya jambo lile lile, na hatari niliyo nayo ni kuitwa tena Bibi Harusi.

Kwa wale walioandika kwamba michezo ya video kwa asili ni ya wavulana, na mmoja aliyeongeza kuwa ni ya wazungu, naomba nitoe taarifa mbili tu. Mashine ya kwanza ya nyumbani iliyowezesha mtu kubadilisha michezo kwa kuchomoa kasha na kuchomeka jingine, ya mwaka 1976, ilitengenezwa na kikundi kilichoongozwa na mhandisi Mmarekani mweusi, Jerry Lawson. Na mchezo wa River Raid wa mwaka 1982, ambao wengine humu waliucheza kwa sarafu za wazazi wao, ulibuniwa na mwanamke, Carol Shaw.

Wenye michezo hii wenyewe wanaendelea kubishana. Mwaka 2020 kampuni inayochapisha karata za Magic ilipiga marufuku karata saba kwa kuwa picha au maneno yake yalionekana kuwa ya ubaguzi. Wengine walishangilia, wengine wakasema ni unafiki. Kwangu mimi lile halikuwa jambo gumu. Karata haibishi ikiondolewa. Ugumu uko kwa watu wanaoizunguka meza.

Nimefikia barua ambayo imenipa kazi zaidi kuliko zote. Mwenzetu mmoja, mzee wa baraza ya bao, ameandika hivi kwa maana yake: hapa ndipo mahali petu pa mwisho pa kucheka bila kuchunga ulimi; waleteni mabinti na wakwe, nasi tutakaa kama tuko ofisini. Simdharau. Bao bila maneno si bao. Mtu akiila nyumba yako yenye kete kumi na tano, kisha anyamaze kimya, ni kama amekutukana mara mbili. Mwalimu Nyerere, kama ijulikanavyo, alipenda sana bao, na ubaoni hakuna aliyepewa kete za ziada kwa cheo chake. Wote mna mashimo thelathini na mawili na kete sitini na nne kati yenu.

Lakini naomba mzee wangu afikiri tena. Maneno ya bao yanamchokoza mtu kwa kete aliyoicheza. Aliogopa kuitumia nyumba yake, akalala kabla ya wakati, haya, mcheke! Maneno ninayoyasikia siku hizi, nami niliyasema nilipokuwa kijana, hayahusu kete. Yanahusu umbo la mtu, kabila lake, mguu wake unaochechemea, au kwamba alizaliwa mwanamke. Nimekaa barazani miaka mingi, na naapa kwamba vicheko vyetu vizuri kabisa vilitokana na kete.

Vilevile tusisahau wenzetu ambao miili imewachokea. Zipo sataranji za wasioona, zenye vitundu vya kuchomekea kete, na viwanja vyeusi vimeinuliwa ili mkono utambue. Vipo pia vyombo vya kuchezea michezo ya video kwa mguu au kwa kiwiko. Kampuni ya Microsoft ilitoa kimoja mwaka 2018. Mweka Hazina ananikazia macho, basi naliacha.

Nirudi kwenye deni. Mwaka 1994 nilikutana na yule dada katika foleni ya benki, mjini. Alinitambua yeye kwanza. Tulizungumza juu ya watoto na bei ya sukari, kisha nikamuuliza kama bado anacheza sataranji. Akasema baada ya siku ile ya daftari hakucheza tena na mtu ila baba yake wakati wa likizo, na baba yake alikuwa amefariki mwaka 1983. Aliyasema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza kuwa alihama mtaa. Foleni ikasogea. Sikumwambia kwamba hakuna kitunda kilichopotea.

Daftari bado lipo. Jana mkutubi alinitolea kutoka kabatini. Wino umefifia lakini sentensi yangu inasomeka yote. Mwezi uliopita nilimwandikia yule dada barua kupitia kwa mtu anayemfahamu, nikamweleza ukweli na kumwalika leo. Hajajibu, wala hana wajibu wa kunijibu.

Ninachoomba ni haya. Neno "wa kiume" lifutwe katika kanuni ya mashindano. Meza zote ziwe za wote, na ile ya wanaoanza iwe ya yeyote anayeanza, hata kama ana mvi. Meza ya video iwekwe, na awepo mtu mzima wa kusikiliza yanayosemwa pale. Na atakayemtukana mchezaji mwenzake kwa jambo lisilo la mchezo aondolewe siku hiyo, bila kujali alimaliza shule mwaka gani.

Ndugu Mwenyekiti, naunga mkono hoja.