Vijana, Hata Kongamano la Madaktari wa Ubongo Lina Kiti Chetu



Nawaomba dakika chache tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu hata hatuifikirii: udaktari bingwa wa ubongo na neva.

Hebu jiulize. Mtoto akianguka mtaani, povu likamtoka mdomoni, watu husemaje? "Ana jini huyo." Apelekwa kwa mganga, miaka yapita, shule yaachwa. Na Shirika la Afya Duniani lasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka lau wangepimwa na kutibiwa sawasawa. Yahitaji dawa, na daktari wa kuziandika. Daktari huyo atatoka wapi kama si kwenu?

Njia ni ndefu, siwafichi. Shahada ya udaktari, mwaka wa mafunzo hospitalini, ubingwa wa magonjwa ya ndani, ndipo uingie kwenye neva. Lakini leo nataka hasa nyinyi mlioanza safari hiyo. Msikae mkingoja kualikwa!

Kuna Shirikisho la Neurolojia Duniani, lililoundwa mwaka wa 1957. Kila baada ya miaka miwili huitisha kongamano kubwa. Mwaka wa 2011 lilikuja Afrika kwa mara ya kwanza, kule Marrakesh. 2019 likawa Dubai, 2023 Montreal, 2025 Seoul. Madaktari wachanga wa nchi kama yetu huweza kuomba ruzuku ya safari. Shirikisho hilo lina vituo vya mafunzo Cairo, Rabat, Dakar na Cape Town, na mpango wa kumpeleka daktari kijana hospitali ya nje akajifunze kwa wiki nne. Na tangu 2015 bara letu lina Akademia yake ya Neurolojia.

Sasa mbona twakosa? Si kwa ujinga, ni kwa kuchelewa. Maombi ya ruzuku hufungwa miezi kabla ya kongamano, na wewe pasipoti huna, muhtasari hujaandika.

Basi anza leo. Chukua mgonjwa mmoja aliyekufunza kitu, omba idhini yake, andika ukurasa mmoja, mpe mwalimu wako akukosoe. Upeleke kwanza kwenye mkutano wa hapa nchini. Ukikataliwa, rekebisha, peleka tena. Na jihadhari na barua pepe za sifa nyingi zinazokualika kuhutubia kongamano usilolijua kisha zadai pesa. Uliza wakubwa zako kabla ya kutuma hata shilingi.

Dada zangu, msijitoe. Kuna mama mwenye binti wa kifafa ambaye atazungumza nawe yale asiyoweza kumwambia daktari mwanamume.

Na ukirudi, usirudi na picha na mkoba wenye nembo tu. Rudi na jambo moja utakalolibadilisha wodini. Kisha njoo barazani utufunze sote: anayeanguka hatiwi kijiko mdomoni wala hashikwi kwa nguvu. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, tazama saa. Zikipita dakika tano hajatulia, mkimbize hospitali.

Hilo nalo ni kumsimamia mnyonge.

Wabillahi tawfiq.